Abiria Hashuki

Bonde la Khutzeymateen, katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada, halina barabara. Halina njia ya miguu wala nyumba ya wageni, na hakuna gati ambapo msafiri atafunga chombo, apande nchi kavu, anyooshe miguu. Limetengwa kwa ajili ya dubu. Anayetaka kuwaona hupanda boti mjini Prince Rupert, akakaa humo mchana kutwa, au siku kadhaa kama chombo kina vitanda, na hakanyagi nyasi za bonde hilo.

Sharti hilo moja ndilo lililonifanya nilipe bonde hili sura nzima. Binadamu wamebuni namna nyingi za kumtazama mnyama mkubwa: majukwaa ya mbao, magari ya paa la kufunguka, vibanda vya kujificha. Sijui namna iliyo ya haki kuliko hii. Ardhi yote anaachiwa mnyama, mtu anabaki majini.

Tumjue kwanza mnyama mwenyewe, maana wengi wetu hatukukua naye. Afrika ilikuwa na dubu wake katika milima ya Atlas, huko Moroko na Algeria, lakini alitoweka katika karne ya 19, na leo bara letu halina dubu wa porini hata mmoja. Tunamjua kwa vitabu vya watoto na filamu, ambako huchorwa ama mwanasesere ama zimwi. Dubu wa Khutzeymateen ni grizli, yaani dubu wa kahawia wa Amerika Kaskazini. Ana nundu ya misuli juu ya mabega, inayompa nguvu ya kuchimba, na kucha za mbele zinazoweza kufika sentimita 10. Dume wa pwani aliyeshiba hupita kilo 300. Jike huwa mdogo zaidi, mara nyingi karibu nusu ya hapo. Akiamua kukimbia hufikia kasi ya kilomita 50 kwa saa. Pamoja na nguvu zote hizo, chakula chake kikubwa mwezi Mei ni majani.

Dubu hutoka pangoni majira ya kuchipua, baada ya miezi mitano hadi saba ya kulala bila kula wala kunywa. Anatoka amekonda. Samoni hawajaanza kupanda mto. Wengi wao watafika kuanzia Agosti. Matunda ya msituni hayajaiva. Milimani theluji ingali imelala. Panapopatikana chakula kingi ni pale mto unapokutana na bahari, kwenye tope ambalo maji ya chumvi hulifunika na kulifunua mara mbili kwa siku. Hapo huota ndago, si ile inayomsumbua mkulima wetu shambani, ila ni ya ukoo uleule. Wataalamu huiita Carex lyngbyei. Chipukizi zake changa zina protini nyingi, karibu robo ya uzito wake mkavu. Dubu hushuka kutoka msituni na kulisha kama ng'ombe, kichwa chini, saa baada ya saa, madume, majike na watoto katika uwanda mmoja wa kijani.

Ndiyo sababu boti nyingi huenda huko kati ya Mei na Julai. Wakati huo dubu wako ukingoni, waziwazi, na shughuli yao ni kula. Baadaye ndago hukomaa na kuwa ngumu, matunda huiva, samoni huingia mitoni, na dubu hufuata chakula ndani ya msitu ambako jicho la mtu aliye majini halifiki.

Kwa ramani, bonde liko kilomita 45 hivi kaskazini-mashariki mwa Prince Rupert. Kwa boti ni mbali zaidi, kwa kuwa njia ya bahari huzunguka: unatoka bandarini, unaipita Metlakatla, unaipita Lax Kw'alaams, vijiji viwili vya Watsimshian ambao pwani hii ni yao tangu zamani za kale, kisha unaingia mlango mpana wa Portland Inlet. Mpaka wa Alaska hauko mbali. Mvua ni ya kawaida. Prince Rupert huhesabiwa miongoni mwa miji yenye mvua nyingi kuliko yote Kanada. Nyangumi wenye nundu huibuka na kupuliza, tai wenye vichwa vyeupe hukaa juu ya misonobari, sili hulala miambani. Mwongozaji mzuri huwaonyesha wote hao. Anajua kuwa abiria aliyelipia dubu pekee atarudi na kinyongo siku dubu wakikosekana.

Kisha unakata kuingia Khutzeymateen, mkono mwembamba wa bahari uliochongwa na barafu zama za kale. Milima huinuka moja kwa moja kutoka majini. Vilele vyake vikubwa hupita mita 2,000. Maporomoko hushuka kwenye kuta za mawe kila upande. Miti ya misprusi na mierezi imesongamana hadi ukingoni, mingine ikiwa na umri wa mamia ya miaka. Karibu na mwisho wa mkono huo wa bahari kuna kituo cha walinzi, na ng'ambo yake ndago.

Msomaji wa pwani ataelewa upesi kinachofuata, maana hapa kila kitu hutawaliwa na maji kujaa na kupwa. Bamvua la Zanzibar ni kama mita nne. Pwani ya Prince Rupert maji hupanda na kushuka zaidi ya mita saba. Yakijaa, boti ndogo ya mpira huingia kwenye vijito vya mlango wa mto na kuelea karibu usawa wa nyasi zenyewe, ukamsikia dubu akichana majani kwa meno. Yakianza kupwa lazima nahodha arudi nyuma mapema, la sivyo atakwama kwenye tope hadi maji yajae tena, katikati ya malisho ya wanyama ambao amekuja kuwatazama kwa mbali. Tope likifunuliwa, dubu hubadilisha mlo. Hushuka kwenye mawe, huyapindua kwa mkono mmoja mawe ambayo watu wawili wangetokwa jasho kuyasogeza, na kulamba kaa na kome walio chini yake.

Ufundi wa nahodha uko katika namna ya kukaribia. Hamwelekezei dubu omo ya chombo. Hupita sambamba na ufuo, polepole, kwa mwendo usiobadilika na mngurumo usiobadilika, na akifika umbali unaofaa hupunguza injini na kukiacha chombo kielee. Abiria hukaa kwenye nafasi zao. Hakuna kusimama ghafla, hakuna kupiga mayowe, hakuna chakula kinachotupwa nje, hata ganda la chungwa. Dubu huinua kichwa na kunusa. Macho yake si mabaya kama wengi wanavyodhani, ila pua ndiyo anayoiamini. Akimaliza kunusa, akirudi kwenye majani, mmekubaliwa. Akibaki amesimama bila kutafuna, akipiga miayo, akitokwa na ute mdomoni, ana wasiwasi, na mwongozaji anayejua kazi yake huondoka hapohapo, kamera zikiwa zimetolewa au hazijatolewa. Kwangu, hicho ndicho kipimo cha mwongozaji: dubu aliyeachwa kwa sababu wageni wamemkera.

Kwa nini dubu anakubali? Wataalamu hutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na kuyachanganya kumeua watu na dubu. La kwanza ni mazoea: mnyama amemwona mtu mara nyingi, mtu hakumdhuru wala hakumpa faida, basi akaacha kupoteza nguvu kumkimbia. La pili ni kumhusisha mtu na chakula. Dubu wa aina ya pili ni hatari kubwa. Mfano wake mkubwa ni Yellowstone huko Marekani, ambako kwa miongo mingi dubu walikula majalalani na kuombaomba kando ya barabara, watalii wakiwalisha kwa mikono. Majalala yalipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, dubu waliozoea takataka waliingia kambini kutafuta walichonyimwa, na wengi waliuawa. Stephen Herrero, mtafiti wa Kanada ambaye kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu mashambulizi ya dubu kingali kinasomwa na walinzi wa hifadhi, ameieleza tofauti hiyo kwa mifano mingi. Mazoea yasiyo na chakula ndani yake yanaweza kudumu miaka mingi bila damu kumwagika.

Afrika Mashariki tunaifahamu kazi ya kujenga mazoea hayo kwa mnyama mwingine. Sokwe wa milimani wa Bwindi na Virunga wanaotembelewa na wageni ni makundi yaliyozoezwa kwa subira ya miaka, walinzi wakienda kila siku bila chakula wala fujo. Huko mgeni huruhusiwa saa moja na kundi dogo la wenzake, kisha anaondoka. Msingi ni uleule: mnyama hawezi kujua nia yako ni njema, ila anaweza kujua utafanya nini, kwa kuwa jana na juzi umefanya vivyo hivyo.

Mahali pengine watu hushuka nchi kavu kuwatazama dubu na mambo yakaenda vizuri. Kwenye mto McNeil, Alaska, wageni huongozwa kwa miguu hadi kwenye maporomoko ambako makumi ya dubu huvua samoni kwa pamoja. Tangu 1973 idadi ya wageni hudhibitiwa kwa vibali vya bahati nasibu, watu 10 kwa siku katika msimu mkuu, na hakuna mgeni aliyejeruhiwa na dubu chini ya utaratibu huo. Lakini si mbali na hapo, katika hifadhi ya Katmai, Timothy Treadwell alikaa na dubu majira 13 ya kiangazi, akiwakaribia, akiwaimbia, akiamini wamempokea kama mmoja wao. Mwezi Oktoba 2003 yeye na mwenzake, Amie Huguenard, waliuawa na dubu kambini kwao. Dubu wawili nao walipigwa risasi na walinzi waliokwenda kuichukua miili. Nasikitika kila ninapokisoma kisa hicho, kwa sababu mapenzi ya mtu yule kwa dubu hayakuwa ya uongo. Alikosa mpaka. Pale McNeil mpaka ni mwongozaji na idadi ya watu. Khutzeymateen mpaka ni ukingo wa maji, ambao hata asiyejua lolote kuhusu dubu anauona.

Dubu huogelea vizuri, kwa hiyo maji hayamzuii akitaka kuja. Kazi ya boti ni nyingine: humfanya mtu awe kitu kimoja chenye umbo moja, harufu moja na mwendo mmoja, siku zote. Watu kumi wanaotembea nyasini ni mambo kumi ya kufuatilia. Watu kumi ndani ya boti ni jambo moja.

Jambo lililonishangaza kuliko yote katika kusoma habari za dubu wa pwani hii lilitoka kwa watafiti Owen Nevin na Barrie Gilbert, waliofanya kazi katika mto Glendale, ndani ya Knight Inlet, mbali kusini mwa Khutzeymateen lakini katika jimbo hilohilo. Ili uelewe walichokiona, inafaa ujue kwamba adui mkubwa wa mtoto wa dubu ni dume wa dubu. Jike anayenyonyesha hapandwi; watoto wake wakiuawa, huweza kupata joto tena. Madume huua watoto wasio wao. Kwa hiyo jike mwenye watoto hulazimika kuchagua kati ya chakula kizuri, ambako madume wapo, na usalama, ambako chakula ni haba. Nevin na Gilbert waliona kwamba wageni walipokuwapo, madume wakubwa walijitenga, na majike wenye watoto wakajitokeza kula. Majike waliwatumia watazamaji kama ngao. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2005, na tangu hapo nimeisikia methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone kwa masikio mapya.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Dume anayejitenga naye amepoteza saa za kula, na boti zikizidi hata jike atachoka. Faida hiyo hupatikana tu pale wageni ni wachache na saa zao zinajulikana. Ndiyo maana idadi ya kampuni zenye kibali cha kuingiza wageni hadi mlangoni mwa mto ni ndogo sana, na nadhani inapaswa kubaki hivyo, hata kama wanaotaka kwenda ni wengi na wana fedha mkononi.

Bonde hili lilikaribia kupotea. Miaka ya 1980 miti yake mikubwa ilikuwa katika mipango ya kukatwa mbao. Wanaharakati wa mazingira, wakiongozwa na chama cha Valhalla Wilderness Society na mtaalamu wa dubu Wayne McCrory, walipiga kampeni kwa miaka. Serikali ya jimbo iliahirisha ukataji na kuagiza utafiti wa dubu, ambao ulifanyika bondeni kwa miaka kadhaa. Mwaka 1992 ulitangazwa uamuzi wa kulihifadhi, na 1994 likawa rasmi hifadhi ya kwanza nchini Kanada iliyotengwa mahsusi kwa ajili ya grizli, takriban hekta 44,000, eneo linalozidi kwa mbali sakafu ya kreta ya Ngorongoro. Dubu wanaoitegemea hukadiriwa kuwa 50 hivi. Inasimamiwa kwa ushirikiano na Watsimshian, na jambo hilo nalipa uzito, kwa sababu hifadhi nyingi duniani, zikiwemo za kwetu, zilianza kwa kuwaondoa wenyeji na kuwaachia watu wa mbali maamuzi.

Kuhifadhi bonde moja hakukumlinda dubu akivuka mlima. Uwindaji wa grizli kwa ajili ya ngozi na kichwa cha kutundika ukutani uliendelea katika sehemu kubwa ya jimbo. Mataifa ya wenyeji wa pwani ya kati na kaskazini yalitangaza mwaka 2012 kwamba yanaupiga marufuku katika maeneo yao, ingawa serikali ya jimbo haikulikubali tangazo hilo kisheria. Mwaka 2014 ukatoka utafiti wa kiuchumi kuhusu Great Bear Rainforest, msitu mkubwa wa mvua ulio kwenye pwani hiyohiyo, ukionyesha kwamba watazamaji wa dubu walitumia fedha mara 12 zaidi ya wawindaji wa dubu. Desemba 2017 serikali ya jimbo ilisitisha uwindaji wa grizli jimboni kote, ikibakiza haki ya mataifa ya asili kuwinda kwa chakula na kwa mila. Dubu mmoja aliye hai hutazamwa na boti zote za msimu, na mwaka unaofuata yupo tena. Hesabu hiyo haihitaji mchumi.

Kinachonitia hofu sasa ni samoni. Ndago humwamsha dubu; samoni humvusha majira ya baridi. Jike hupandwa kati ya Mei na Julai, lakini mimba haijishikizi tumboni hadi karibu na wakati wa kuingia pangoni, na ikiwa hana mafuta ya kutosha mwilini haikui kabisa. Kwa hiyo idadi ya samoni wa Septemba huamua kama kutakuwa na watoto Januari. Msitu wenyewe unawategemea: Tom Reimchen wa Chuo Kikuu cha Victoria alionyesha kwamba dubu hubeba samoni kwa mamia hadi chini ya miti, hula sehemu waipendayo na kuacha mabaki, na naitrojeni ya baharini hupatikana ndani ya mbao za miti iliyo kando ya mito hiyo. Maeneo mengi ya pwani ya British Columbia samoni wamepungua. Mwaka 2019 picha za dubu waliokonda hadi mifupa kuonekana, zilizopigwa Knight Inlet, zilisambaa duniani. Mpaka wa hifadhi hauwezi kumrudisha samoni aliyekufa katikati ya bahari kwa joto la maji, au aliyevuliwa kabla ya kufika mtoni. Anayemtaka dubu hana budi kumtaka na samaki, na hilo ni suala la uvuvi, misitu na hali ya hewa, ambalo huamuliwa mbali sana na Khutzeymateen.

Safari hii ni ghali, kwa kuwa mafuta ni ghali, njia ni ndefu na abiria ni wachache. Wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Kanada na Marekani ndio walio karibu nayo zaidi, na kwao nasema hivi: nendeni kabla ya ndago kukomaa, mwishoni mwa Mei au mwezi Juni. Chagueni kampuni yenye kibali, na kabla ya kulipa iulizeni huwa inafanya nini dubu akionyesha wasiwasi. Ikiwajibu kwa kujisifu jinsi inavyowakaribia dubu, tafuteni nyingine. Bebeni koti zito la mvua na darubini nzuri, maana darubini ndiyo inayomleta dubu karibu bila yeye kusogea. Na dubu akiwa mbali, msimwombe nahodha asogee.